Ulimi wa Serikali

Iko nchi moja, jina lake silitaji, kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufunguliwa Alhamisi ya mwisho ya mwezi, ikiwa karani hana msiba. Ni nchi nzuri. Barabara zake huzinduliwa mara tatu tatu, hospitali zake zina mapazia mapya, na chakula chake chote ni salama. Najua ni salama kwa sababu imeandikwa kwenye ukuta wa kila soko, kwa rangi ya kijani: KIMEONJWA.

Aliyekionja alikuwa mtu mmoja tu, Mzee Mshamu Likwati. Zamani alikuwa mpishi katika kantini ya wizara. Siku moja, miaka kumi na tisa kabla ya mwisho wa mambo haya, alionja mchuzi wa samaki uliokuwa ukipelekwa mezani kwa Mkubwa wa nchi, akautema, akasema samaki huyu amelala siku mbili. Kweli alikuwa amelala siku mbili. Mkubwa akanusurika na tumbo la kuendesha, na wiki ile ile Bunge likapitisha Sheria ya Ulimi. Mshamu akaapishwa mbele ya Jaji Mkuu, ulimi ukiwa nje, kuwa Mwonjaji Mkuu wa Taifa.

Wakati huo huo wafadhili walikuwa wameleta mashine ya kupimia sumu katika vyakula. Ilikuwa ya bei mbaya, hivyo ikaamuliwa isitumike, isije ikachakaa. Ikafungiwa chumbani na kuvishwa shuka jeupe. Mtaalamu aliyetumwa ng'ambo miaka minne kuisomea, Bi Nasiba Kitojo, akapewa kazi ya kuipangusa vumbi kila Jumatatu.

Sheria ya Ulimi ilikuwa nyepesi kuielewa. Mwonjaji akishaonja, anajaza fomu yenye visanduku vitatu: Tamu, Tamu Sana, na Tamu Kupita Kiasi. Cha nne hakikuwekwa, ili kuokoa wino. Tena katika mkusanyiko wowote wa hadhara, ni marufuku mtu kugusa chakula kabla Mwonjaji hajameza. Watoto wa nchi ile walijua kulitazama koromeo la Mzee Mshamu kabla hawajajua kusoma.

Naye, lazima niseme, alikuwa mtu mkweli. Hakuwahi kusema tamu pale ambapo ulimi wake haukuonja utamu. Aliamka alfajiri, akasukutua kwa maji ya chumvi, hakuvuta sigara, hakula pilipili, na pensheni yake ilitegemea ulimi ule ule. Aliamini kwamba lolote baya likipita mbele yake atalijua tu.

*

Mambo yalianzia kwenye ghala la taifa. Ghala lile lilizinduliwa kabla ya kuezekwa, kwa kuwa tarehe ya uzinduzi ilikuwa imeshachapishwa kwenye fulana. Mvua ikanyesha kama ilivyozoea, bila kuuliza ratiba. Mahindi ya nchi nzima yakalowa, yakapata joto, yakaota kuvu la kijani juu na jeusi chini.

Iliundwa tume. Tume ikakaa siku tisa hotelini, ikala kuku, ikatoa uamuzi kwamba mahindi yale hayafai kwa binadamu. Ikapendekeza wapewe ng'ombe, lakini ng'ombe wengi wa nchi ile ni wa wakubwa, na wakubwa walituma ujumbe mfupi wa simu. Ikapendekeza kuku. Kuku nao wana mnunuzi wao wa nje, mtu mwenye tabia mbaya ya kuwapima. Ndipo mjumbe mmoja akakumbuka samaki wa mabwawa. Samaki hawakuwa na mwakilishi katika kikao, na hoja ikapita bila kupingwa.

Basi mahindi yakaoshwa kwa mipira ya zimamoto, yakaanikwa juu ya lami, yakapigwa upepo mpaka rangi ya kijani ikaondoka. Yakasagwa pamoja na mashudu ya alizeti, yaliyokuwa nayo yamevunda kwa upande wao, yakavingirishwa kuwa vidonge vidogo na kutiwa kwenye mifuko yenye picha ya perege anayetabasamu. Kiwanda kilikuwa cha shemeji yake Waziri wa Shibe. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Shaweji Mpingo, ambaye udaktari wake alitunukiwa na kiwanda cha saruji, alikuja kukizindua.

Alihutubu saa mbili na nusu. Alisema mataifa mengine hutupa mahindi yaliyoharibika kwa kukosa fikra, bali sisi tunayapandisha cheo. Alisema kuvu limeoshwa, na kilichooshwa ni safi, hata mtoto wa chekechea anajua. Watu wakapiga makofi, kwa sababu ndicho walichopandishiwa lori kufanya.

Mzee Mshamu akaletewa kijiko cha vidonge. Akafumba macho, akatafuna, akatafuta uchachu, akatafuta ukungu, akatafuta uvundo. Hakupata kitu. Akatia alama kwenye kisanduku cha kwanza, kwa uaminifu wake wote, na tangu siku hiyo akawa anaonja kijiko kimoja cha kila shehena, asubuhi na alasiri, na samaki mmoja wa kila bwawa, kwa muda wa miaka mitatu.

*

Katika mwaka wa tatu Mzee Mshamu alianza kunawiri. Ndivyo magazeti yalivyosema. Tumbo lilijaa, likatangulia mbele yake mlangoni. Macho yake yakageuka manjano. Waziri alipoyaona akawaita wapiga picha, akasema tazameni, wananchi, mtu anayekula samaki wetu mpaka macho yanakuwa dhahabu. Picha ikabandikwa kwenye mabango: uso wa Mshamu, macho yale, na chini yake maneno SHIBE INAONEKANA. Alikuwa akichoka kupanda ngazi tatu, na usiku ngozi ilimwasha, lakini mtu aliyewekwa kwenye bango anaona haya kujikuna.

Binti yake, Siwema, alifuga perege katika mabwawa manne huko Kilangara, akiwalisha vidonge vile vile. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Mwaka ule samaki wake waligoma kukua, kisha wakaanza kuelea kichwa chini, kumi leo, hamsini kesho. Alikwenda kwa Bwana Samaki wa wilaya. Bwana Samaki akamweleza kwamba samaki aliyekufa hapimwi, kwa kuwa hana tena cha kulalamikia. Alete mgonjwa, akiwa hai, pamoja na barua ya serikali ya mtaa inayothibitisha makazi yake. Siwema alipomleta samaki mgonjwa kwenye ndoo, akaambiwa arudi naye akishapona, ili wafananishe.

Aliirudisha ndoo nyumbani. Akachukua kisu, akawapasua kumi na wawili mmoja baada ya mwingine juu ya ubao. Maini yao yalikuwa yamefifia na kuvimba, na mengine yana vinundu. Siwema amepasua samaki tangu utotoni na hakuwahi kuona maini ya namna ile. Akanawa mikono, akapanda basi la kwenda mjini kwa baba yake.

Alimkuta barazani, amevaa koti la kazi ambalo vifungo vyake havikufungika tena. Hakumsalimu kwanza. Alisimama akamtazama usoni kwa muda mrefu.

"Shikamoo, baba. Macho yako yana nini?"

"Marahaba. Waziri kasema ni dhahabu."

"Baba, mimi sijamuuliza Waziri."

Mzee akacheka kidogo, akaangalia pembeni. Siwema akamshika mkono, akamwinua, na wala hakumwambia wanakokwenda.

*

Ilikuwa Jumatatu, siku ya kupangusa vumbi. Bi Nasiba aliwafungulia mlango wa nyuma wa chumba cha mashine. Mwanamke huyu alikuwa ameipangusa mashine kwa miaka kumi na tisa, na kila alipoipangusa aliwaza kuiwasha, kama mtu aliyewekewa sahani mbele akafungwa mikono. Siwema alimpa maini ya samaki kwenye mfuko, na konzi ya vidonge. Bi Nasiba akalivua shuka jeupe, akalikunja vizuri, akawasha.

Walingoja mpaka adhuhuri. Mashine ikatoa karatasi. Bi Nasiba aliisoma, akaketi, akaisoma tena, kisha akaeleza polepole. Kuvu lile la mahindi huacha sumu, na sumu hiyo huitwa sumukuvu. Unaweza kuliosha kuvu likaondoka lote, sumu ikabaki ndani ya punje. Kiasi kinachovumilika ni sehemu kumi katika bilioni. Vidonge vilikuwa na mia sita na arobaini. Ndani ya maini ya samaki imo pia. Haiui kwa siku moja, labda iwe nyingi mno. Hula ini kidogo kidogo, na mtoto anayeilishwa hudumaa.

Mzee Mshamu alikunja uso. Akasema haiwezekani, kwani vidonge vile alivionja mwenyewe, kila shehena.

"Sumukuvu haina ladha, mzee wangu," alisema Bi Nasiba. "Haina harufu wala rangi. Uichemshe, uikaange, ipo pale pale. Hata ungekuwa na ndimi saba usingeiona."

"Kwa hiyo ulimi wangu ni mbovu."

"Ulimi wako mzima. Ubovu ni wa walioupa kazi ya mashine."

Mzee akauliza kuhusu macho yake, na tumbo, na Bi Nasiba, ambaye hakuwa na mazoea ya kudanganya watu, alimwambia aende hospitali upesi sana. Alikwenda. Daktari alimpapasa ubavuni, akamwambia kwamba ini limeharibika lakini bado pana nafasi, si kubwa, akipelekwa ng'ambo mwezi huu. Hapa nchini walikuwa na mapazia tu.

*

Kesho yake asubuhi Mzee Mshamu alikwenda wizarani na karatasi mbili, ya mashine na ya daktari. Aliamini, na msimcheke, kwamba wakubwa walikuwa hawajui, na kwamba wakijua watasimamisha kiwanda jioni ile ile.

Waziri alizisoma zote mbili akinywa maziwa ya kopo. Akauliza mashine hiyo imeapishwa na nani. Mshamu akajibu kwamba mashine haiapi. Waziri akafurahi sana, akamwambia basi umejijibu mwenyewe. Katika nchi hii mwenye kiapo ni wewe, na wewe umeshasaini Tamu mara elfu mbili na zaidi.

"Mzee wangu, sumu ni neno zito," alisema, kwa sauti ya kubembeleza. "Serikali haiwezi kubeba neno zito namna hiyo wakati wa bajeti. Tuseme ladha iliyojificha."

Kufikia saa saba Bi Nasiba alikuwa ameshahamishiwa kituo cha kupima mvua, katika mkoa ambao mvua hainyeshi. Mashine ikavishwa shuka lake, na mlango ukapigwa matofali.

Lakini kabla Mshamu hajatoka ofisini, Waziri alitoa karatasi ya tatu kutoka mfukoni. Ilikuwa barua ya rufaa: hospitali ya ng'ambo, ile ambayo mawaziri huenda hata kwa jino, tiketi mbili, matibabu yote juu ya serikali. Kila kitu kilikuwa kimejazwa isipokuwa sahihi. Ijumaa inayofuata ilikuwa Siku ya Shibe, na mwaka huu watoto wa shule elfu nne wangelishwa perege wa serikali katika uwanja wa taifa, na baada ya hapo shule zote nchini zingepewa samaki wale kila siku ya masomo, mkataba wa miaka kumi, mwuzaji yule yule shemeji. Kilichohitajika ni Mwonjaji kumeza tonge moja. Barua ingesainiwa pale pale jukwaani.

"Tonge moja," alisema Waziri. "Umeshameza maelfu. Hili moja litakupunguzia nini?"

Mshamu alirudi nyumbani akijua kwamba swali lile lina akili, na hilo ndilo lililomtesa. Tonge moja kweli lisingemwongezea ugonjwa. Na alitaka kupona, jamani. Alikuwa na miaka sitini na mitatu na alitaka kuishi.

*

Ijumaa saa nne asubuhi uwanja ulijaa. Watoto elfu nne waliketi kwa mistari, mbele ya kila mmoja sahani ya wali na perege mzima. Jukwaani, chini ya turubai, wakubwa walikuwa na sahani za kifahari zilizofunikwa, zenye samaki wa kopo kutoka nchi baridi. Hili halikuwa siri, makopo yalikuwa yamepangwa nyuma ya jukwaa. Bendi ilipiga. Waziri akatoa hotuba fupi ya dakika hamsini.

Mzee Mshamu akasaidiwa kusimama. Akapewa sahani, akamega nyama ya mgongoni, akaitia kinywani. Bendi ikanyamaza kama ilivyo desturi. Macho elfu nane yakakaza kwenye koromeo lake.

Alitafuna. Samaki alikuwa mtamu. Alikuwa amekaangwa vizuri, kwa limau na chumvi, na ulimi ule uliomlisha miaka kumi na tisa ulimwambia hapa hakuna neno. Alimwona Waziri pembeni, kalamu mkononi, barua juu ya goti. Alitafuna mpaka pakawa hakuna tena cha kutafuna.

Kisha akainama akatema kwenye kiganja. Akakinyanyua kiganja kila mtu akione, akasogelea kipaza sauti.

"Wanangu, nimewaambia tamu miaka yote hii na sikuwa nikidanganya. Nilikuwa sijui. Sasa najua. Macho yangu haya si dhahabu, ni ini langu linakufa. Msile."

Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa kabla ya neno la mwisho, lakini halikuhitaji umeme. Walikuwa wameshayaona mate.

Waziri alisimama, mtulivu kabisa, akafungua kitabu cha sheria. Akasoma kifungu cha kumi na nne, kinachosema kwamba kitu kikishaingia kinywani mwa Mwonjaji, kitahesabika kimemezwa. Akatangaza kwamba Mwonjaji amemeza kisheria, akawaamuru watoto waanze kula. Hakuna mkono uliosogea. Akawaamuru walimu wawahimize, na walimu wakaangalia viatu vyao. Akawageukia wapishi, nao wakafunga khanga viunoni wakakaa chini. Sahani elfu nne zikapoa juani mpaka nzi ndio wakawa wageni rasmi wa sherehe.

Alasiri samaki wale walizolewa kwa matoroli. Hawakutupwa. Walipelekwa kiwandani, wakakaushwa, wakasagwa, wakachanganywa kwenye vidonge vya shehena mpya.

*

Nilikusudia kusimulia haya kwa upole, lakini upole umeniishia. Barua ile ya rufaa ilirudishwa masjala ili irekebishwe tarehe. Siwema aliifuatilia mara kumi na moja. Mara ya kwanza karani alikuwa semina, mara ya tano faili lilikuwa kwa mkubwa, mara ya kumi na moja akaambiwa mgonjwa aje mwenyewe asaini. Mgonjwa alikuwa hawezi hata kugeuka kitandani. Kwa hospitali ile ile, mwezi ule ule, mke wa shemeji alikwenda kusafishwa meno. Walimuua yule mzee. Walimuua kwa vijiko, asubuhi na alasiri, wakampiga na picha.

Alifariki siku ya Jumanne. Cheti cha serikali kiliandika sababu ya kifo: kukosa uzalendo wa tumbo. Hata hivyo alikuwa mtu wa bango, na mtu wa bango hazikwi hivi hivi, hivyo serikali ikatangaza kugharamia mazishi. Waziri akaja mwenyewe Kilangara na kamera tatu, magari saba, na sufuria kumi na mbili za wali kwa perege wa kuwalisha waombolezaji.

Maiti ikazikwa adhuhuri. Saa nane mikeka ikatandikwa uani, chakula kikapakuliwa, watu kama mia nne wakaketi kukizunguka. Hakuna aliyenawa.

Siwema akatoka ndani na birika na beseni. Akaenda moja kwa moja alipokaa Waziri, akapiga magoti kama inavyompasa mwenyeji, akammiminia maji mikononi, akamwekea mbele sinia lenye perege mkubwa kuliko wote. Kamera zikasogea.

"Karibu, Mheshimiwa. Kwetu mgeni ndiye anayetangulia."

Waziri akatabasamu kwenye kamera. Akashukuru kwa ukarimu. Akasema kwa masikitiko makubwa kwamba leo, kwa heshima ya marehemu, amefunga. Asubuhi ile ile taifa zima lilikuwa limemwona kwenye televisheni akinywa chai na maandazi na balozi fulani, lakini huenda ilikuwa picha ya zamani, mimi siwezi kujua.

Siwema akaitikia kwa kichwa, wala hakukasirika. Akalifunika sinia kwa kawa ili nzi wasiguse.

"Mungu aikubali funga yako," alisema. "Tutakufuturisha. Magharibi si mbali."

Akavuta mkeka, akakaa mbele yake. Watu mia nne nao wakajiweka sawa kwenye mikeka yao, wengine wakaenda kukaa mlangoni penye magari, na wote wakatulia kumtazama koromeo.